Neno analijua, mpaka wake haujui: kurekebisha Kiingereza cha biashara cha mwanafunzi anayezungumza Kiarabu

Mwanafunzi anaandika "We will make propaganda for the new product". Mwalimu anashtuka, anaona msamiati wake ni mdogo, anamwongezea orodha ya maneno hamsini. Wiki inayofuata mwanafunzi anaandika vilevile, na ukifungua daftari lake utalikuta neno "advertising" limeandikwa vizuri, na maana yake pembeni. Orodha nyingine haitamsaidia. Kiarabu kina neno moja mahali ambapo Kiingereza kina matatu au manne, naye ameshika lile la kwanza alilokutana nalo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu au mfanyakazi mwenzake anayezungumza Kiswahili, awe Maskati, Dubai, Doha au Unguja. Mswahili anaingia kazini akiwa na maneno mengi ya Kiarabu mdomoni tayari, na hilo ndilo linalompoteza, kama tutakavyoona.

Pima kwanza

Usisahihishe kabla ya kumwuliza: kwa Kiarabu ungesemaje? Jibu litakupeleka kwenye chanzo. Kama neno la Kiarabu ni sahihi lakini la Kiingereza si lenyewe, shida ni mpaka wa maana. Kama kwenye karatasi ameandika sawasawa ila kwenye simu haeleweki, shida ni sauti. Kama maneno yote yapo lakini yamepangwa kinyume, anafuata sarufi ya kwao. Na kama amesoma "stuff" mahali palipoandikwa "staff", shida iko kwenye irabu. Kila chanzo kina tiba yake, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Uliza pia anatoka wapi. Mtu wa Morocco, Algeria au Tunisia huja na Kifaransa nyuma ya Kiarabu. Huyo anaweza kuandika "society" akimaanisha kampuni, "formation" akimaanisha mafunzo, na lililo baya kuliko yote, "delay" akimaanisha tarehe ya mwisho. Barua inayosema "the delay is 15 May" inamfanya mteja wa London aamini kwamba mzigo umechelewa. Mwanafunzi wa Oman au Saudia hana kosa hilo.

Dalili: neno ni la Kiingereza safi, lakini si lililotakiwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Chukua neno la Kiarabu 'ard. Bei unayomwandikia mteja kabla hajanunua ni 'ard. Maelezo unayotoa mbele ya bodi kwa slaidi ni 'ard. Punguzo la sikukuu ni 'ard, bidhaa zilizopangwa dirishani ziko kwenye 'ard, na wachumi wanapozungumzia ugavi na mahitaji, ugavi ni 'ard. Kiingereza kinataka maneno matano: "quotation", "presentation", "offer", "display", "supply". Mwanafunzi aliyejifunza "offer" peke yake atasema "I will make an offer to the board tomorrow", na bodi itakaa ikisubiri kuambiwa kampuni inanunuliwa kwa kiasi gani.

Neno talab ni ndugu yake. Linabeba "order", "request", "application" na "demand". Hatari iko kwenye la mwisho. Kama nomino, "demand" haina ubaya: "demand is falling". Likiwa kitenzi linakuwa kali. "I demand a discount" kwa mwandishi ni ombi la kawaida. Kwa msomaji Mwingereza ni mtu aliyepiga meza. Mfundishe kutumia "ask for" na "request" kwa watu, na "demand" aiache sokoni.

Mengine ya kuangalia:

- hisab ni hesabu ya shuleni, akaunti ya benki, na pia kile unacholipa mgahawani. Ndiyo maana anaomba "the account" baada ya chakula, badala ya "the bill".
- mizaniyya hutumika kwa bajeti na hutumika kwa mizania. "Budget" hutazama pesa zitakazotumika; "balance sheet" huonyesha mali na madeni ya siku moja maalumu. Mhasibu akiombwa "the budget of 31 December" hatajua atume ipi.
- daman hubeba "guarantee" na "warranty". Kwenye mauzo ya vifaa, "warranty" ndiyo hati inayosema mashine itatengenezwa au kubadilishwa ndani ya muda fulani. Benki inayomdhamini mteja hutoa "bank guarantee". Mwanafunzi anayeuza majokofu aanze na "warranty".
- di'aya ni matangazo ya biashara na pia ni propaganda. Hapo ndipo ile sentensi ya mwanzo ilipotoka. I'lan nayo ni tangazo la kibiashara na tangazo la kawaida, yaani "advertisement" na "announcement".
- iqtisadi ni "economic" na "economical". Gari linalokula mafuta kidogo ni "economical". Mgogoro wa uchumi ni "economic". Herufi mbili tu, lakini brosha ya magari yenye "economic car" inasomeka kama kazi ya haraka haraka.
- marka, neno la mitaani, humfanya aseme "a famous mark". Anataka "brand". Mfafanulie papo hapo kwamba "trademark" ni la wanasheria na usajili, na "brand" ni la watu wa masoko.
- mudir ni kila mkubwa, kuanzia meneja wa duka hadi mkuu wa shule. Kwenye kampuni, "director" mara nyingi ni mjumbe wa bodi, na "manager" si lazima awe mmoja wao. Anayejiita "director" kwenye kadi yake ajue anachodai.

Tiba si kumpa tafsiri mpya. Weka neno moja la Kiarabu katikati ya ubao, kisha mpe sentensi tano za Kiingereza zenye pengo, kila moja ikihitaji neno tofauti. Kwa 'ard zinaweza kuwa hizi: "Please send us your … for 200 chairs." "She gave a … to the board." "Special …: two for the price of one." "… is lower than demand." "The phones on … are not for sale." Ajaze bila kamusi, kisha aeleze kwa Kiarabu kwa nini amechagua hivyo. Maneno mawili ya Kiarabu kwa kipindi kimoja yanatosha. Ukimpa manne, mipaka inafutana.

Vitenzi vina ugonjwa huohuo. Yule anayesema sawwa au 'amila kwa kila kitu hutumia "make" au "do" kila mahali: "make a meeting", "do a discount". Mfundishe kitenzi pamoja na nomino yake kama kitu kimoja: "hold a meeting", "give a discount", "place an order", "make a profit", "meet a deadline", "close a deal". Asijifunze "deadline" peke yake hata siku moja.

Dalili: mwalimu Mswahili anaelewa haraka mno

Kosa hili si la mwanafunzi. Mwarabu anasema fa'ida, wewe unasikia faida, unaandika "profit" ubaoni. Lakini kwa benki, fa'ida ni kile tunachokiita riba, yaani "interest". Na katika mazungumzo ya kawaida ni manufaa, "benefit". Faida ya biashara kwake ni ribh. Na pana fundo la pili: benki za Kiislamu za Ghuba hazisemi "interest" kwenye hati zao za Kiingereza, husema "profit rate". Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "the profit is 6%" huenda anazungumzia gharama ya mkopo wake wala si mapato ya duka. Mwulize: inaingia au inatoka?

Jozi nyingine zinafanana sura na kuachana maana. Tajir kwao ni mfanyabiashara, awe na mali au asiwe nayo. Ra's al-mal ni mtaji, "capital", ilhali rasilimali yetu imepanuka hadi misitu na watu. Wakil ni "agent" au "dealer", mwakilishi wa bidhaa, si yule anayesimama mahakamani. Zabun ni mteja. Zabuni kwao ni munaqasa, na kwa Kiingereza "tender". Hissa ni fungu au mgawo, hata kipindi cha darasani, na ndiyo inayotumika kwa "market share". Hisa zinazouzwa kwenye soko la mitaji wao huziita as-hum, na hizo ndizo "shares". Ukisahihisha kwa kutegemea Kiswahili hapa, unamfundisha kosa lako mwenyewe.

Dalili: maneno yote yapo, lakini maana imegeuka

Kiarabu hutanguliza kitu kikuu, kisha kinachokieleza: mpango, halafu wa masoko. Kiswahili hufanya hivyohivyo, kwa hiyo sikio la Mswahili haliamki. Kiingereza hugeuza: "marketing plan". Mara nyingi "plan marketing" itaeleweka na kuchekesha tu. Lakini zipo jozi ambazo pande zote mbili ni Kiingereza sahihi chenye maana mbili. "Price list" ni orodha ya bei. "List price" ni bei rasmi kabla ya punguzo. "Market share" ni sehemu yako ya soko. "Share market" ni soko la hisa. "Sales target" ni lengo la mauzo, lakini "target sales" inaweza kusomwa kama amri ya kuyalenga. Anza na jozi ya kwanza, kwa sababu inagusa pesa: mteja aliyeomba "list price" ataletewa namba moja, tena ile ya juu.

Kanuni ya kumpa ni moja: neno la mwisho ndilo kitu chenyewe. Mwulize "price list ni bei au ni orodha?" Akijibu orodha, amepona.

Kwenye kundi hili weka pia kitenzi "to be" kinachotoweka. Kiarabu hakikihitaji wakati uliopo, hivyo anaandika "the price high". Weka pia wingi usiokuwapo. Ma'lumat na mu'addat ni wingi kwao, ndipo "informations" na "equipments" zinapozaliwa. Hayo hayaharibu biashara. Yasahihishe kwa mstari wa kalamu na uendelee.

Dalili: simu inakatika, mteja anauliza "sorry, what?"

Kiarabu hakina p. "Price" inatoka kama "brice", "pay" kama "bay", na "pack" inageuka "back", jambo linaloleta balaa ghalani: "pack the goods" na "back the goods" si agizo moja. Mwalimu Mswahili ana p na b tangu utotoni, hivyo humwambia "sema p" akidhani amefundisha.

Kinachokosekana ni pumzi, na zaidi ya hapo koo kunyamaza. Shika ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya midomo yake. Akisema "pay" karatasi iruke. Akisema "bay" itulie. Mswahili wa Mombasa au Lamu anayetofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi anaijua tofauti hiyo kwa mdomo wake. Anza na p inayofuatwa na irabu: "pay", "pen", "pack". Ya "price" na "profit" ije baadaye, kwa kuwa r inaficha pumzi. Usipoteze muda na "spend" wala "special": baada ya s Kiingereza chenyewe hakina pumzi, na hakuna atakayesikia tofauti.

Baada ya majuma machache huja kosa la kinyume: "pusiness", "pank", "jop". Hiyo ni dalili njema, ameanza kusikia sauti mbili. Punguza mkazo kwenye p, mpe jozi zilizochanganywa ili achague.

V na f hukaa njia moja: "value" inakuwa "falue", "save" inakuwa "safe". Aweke vidole kooni; kwa v koo litetemeke. Konsonanti zinazofuatana huvunjwa kwa irabu, na mahali pa irabu hutofautiana: kwa neno "floor" Mwiraki ataweka mbele, "ifloor", Mmisri ataingiza katikati, "filoor". Likieleweka, liache.

Dalili: anasoma neno ambalo halikuandikwa

"Staff" inakuwa "stuff", "loan" inakuwa "line", "custom" inakuwa "costume". Maandishi ya kawaida ya Kiarabu hayaonyeshi irabu fupi, na mzizi wa neno hubebwa na konsonanti. Jicho lililozoea hivyo hukamata konsonanti kwanza na kubahatisha kilichobaki. Watafiti wa usomaji wameliandika jambo hili tangu 1991, na haliashirii uvivu wala macho mabovu.

Kumsomesha kwa sauti hakutoshi. Mpe maneno yaliyofutwa irabu, "s_les", "c_st", "d_bt", "l_ _n", ajaze akisikiliza sentensi. Kisha fanya kinyume: maneno manne yenye konsonanti zilezile, kama "sale", "sell", "seal", "sole", azungushe duara kwenye lile ulilosema. Dakika tano mwanzoni mwa kila kipindi zinafaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki.

Dalili: namba si zile

Kiarabu hutaja mamoja kabla ya makumi: tano na ishirini. Anayeandika namba za simu au bei kwa kusikiliza Kiingereza anaweza kuandika 52 mahali pa 25. Dawa ni tabia ya kazini, si zoezi: kila namba irudiwe tarakimu moja moja, "two five", kabla ya kukata simu.

Tarakimu za mashariki huleta mtego wa macho. Tano huandikwa ٥, inayofanana na sifuri yetu, na sifuri ni nukta, ٠. Ankara yenye namba za aina mbili ichapwe upya kwa aina moja. Na masafa ya bei kama "10 - 15" ndani ya aya ya Kiarabu yanaweza kugeuka kwenye skrini kuwa "15 - 10". Aandike "from 10 to 15".

Desimali tatu zinawapoteza zaidi wageni kuliko wanafunzi. Riali ya Oman ina baisa 1000, na dinari za Kuwait na Bahrain zina filsi 1000. Kwa hiyo 1.500 kwenye ankara ya Maskati ni riali moja na nusu, si elfu moja na mia tano. Mwanafunzi anayeandikia nje aongeze kiasi kwa maneno. Na milyar ya Kiarabu ni "billion", "milliard" asiitumie.

Dalili: mzigo umekuja siku tofauti na iliyokusudiwa

"Send it until Thursday" inatokana na hatta au li-ghayat, ambazo hubeba "by" na "until" pamoja. Hadi yetu nayo hubeba zote mbili, kwa hiyo mwangalie kwa makini. "By Thursday" ni mara moja, kabla Alhamisi haijaisha. "Until Thursday" ni kuendelea kufanya mpaka Alhamisi. Mwelekeze ajaribu kitenzi: kama jambo ni la kuendelea, kama "open" au "wait", basi "until", kama ni la kumalizika, kama "send" au "pay", basi "by". Ndugu yake ni mundhu, inayozaa "since five years". Muda unaohesabika huchukua "for".

Pia asiandike "end of the week" peke yake. Saudia ilihamisha mapumziko yake kutoka Alhamisi na Ijumaa hadi Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013, na ofisi za serikali ya shirikisho ya Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili, pamoja na nusu ya Ijumaa, Januari 2022. Siku na tarehe ziandikwe zote, mwezi kwa herufi.

Dalili: barua pepe ni ndefu na mpokeaji hajui anatakiwa kufanya nini

Kiarabu huunganisha sentensi kwa neno wa, yaani "na", na ni uandishi mzuri kabisa kwao. Kwa Kiingereza zinakuwa "and" tisa katika aya moja. Achore duara kila penye "and", akate nusu yake kwa nukta. Ombi lije kwenye sentensi mbili za mwanzo. "We hope from your excellency" iwe "Could you please". Na "Mr" hufuatwa na jina la ukoo, si la kwanza. Ofisi za Ghuba zimezoea "Mr Ahmed" na hakuna anayekasirika, lakini kwa benki ya nje jina likae kamili.

Pa kuanzia msamiati wenyewe

Usianze na alfabeti, wala na sura ya kwanza ya kitabu. Anza na safari ya agizo moja, kwa hati halisi zilizofutwa majina: "quotation", kisha "purchase order", ambayo Ghuba kama Nairobi na Dar es Salaam huiita LPO ("local purchase order"), kisha "delivery note", "invoice", "receipt", na "credit note" pale bidhaa inaporudishwa. Maneno sita. Neno la Kiarabu fatura humchanganyisha "invoice" na "receipt". Tofauti yake ni pesa: "invoice" inaomba, "receipt" inakiri imepokewa.

Mwanafunzi aweze kuzipanga hati hizo sita kwa mfuatano na kusema nani anampa nani. Kisha tafuta ndani yake maneno ya bei: "unit price", "discount", "subtotal", "VAT", "total", "due date". Swali la kumpima ni kama jumla ni "VAT inclusive" au "exclusive", kwa kuwa Saudia inatoza asilimia 15 na Oman asilimia 5, na aliyekosea neno hilo kwenye karatasi ya bei atalipa tofauti kutoka mfukoni mwa kampuni. Maneno ya masoko, "brand", "target market", "campaign", "market share", yaje baada ya hati kupangika bila msaada.